Mgeni na Jembe

Mtu akitoka usiku katika mji wa Malemba-Nkulu, ulio kando ya mto Lualaba katika jimbo la Haut-Lomami, akachukua taa na daftari, akapita sokoni na gatini na katika vibaraza vya makanisa, akiwatafuta wasio na makao ili awaandike mmoja mmoja, anaweza kurudi kwake alfajiri na daftari karibu tupu, akalala kwa raha akidhani kwamba amepita katika mji ambao kila mja ana paa la kumsitiri. Macho yake hayakumdanganya, kwa maana ni kweli kwamba aliowatafuta hawakuwa njiani. Lakini hesabu yake imemdanganya, kwa sababu watu hao walikuwa wamelala nyuma ya milango aliyoipita, juu ya mikeka iliyotandikwa katika vyumba vya watu wengine, watoto wa aila mbili au tatu wamebanana ubavu kwa ubavu, na mwenye nyumba akisikiliza pumzi zao gizani na kuwaza kama unga uliobaki utatosha bukari (ugali) ya kesho.

Njia ya taa na daftari haistahili kudharauliwa mahali ilikozaliwa. Nchini Marekani, kila mwaka, katika usiku mmoja wa Januari, watu wa kujitolea huzunguka mijini na vijijini kuwahesabu walio katika makao ya msaada na walalao chini ya madaraja na ndani ya magari, na hesabu ya mwaka 2024 ilitoa watu 771,480, idadi iliyopita zote zilizotangulia tangu hesabu hizo zianze. Karibu na sisi, nchini Kenya, hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 iliandika watu 46,639, na katika hao 15,337 walikuwa Nairobi. Hesabu za namna hiyo hufaa pale ambapo undugu umekwisha kukatika, au umechoka, au umekaa mbali mno kiasi kwamba aliyeanguka hana pa kuangukia ila barabarani. Bali katika nchi ambayo undugu ungali mzima, japokuwa umekonda kwa njaa, asiye na makao humezwa na nyumba ya nduguye kabla mhesabuji hajawasha taa, na anayetaka kumjua imempasa ahesabu kitu kingine badala ya miili iliyolala nje.

Ni kitu gani hicho, ndiyo haja ya sura hii. Na nimeichagua Malemba-Nkulu kwa kuwa ni mahali ambapo swali hilo limeulizwa na vita, na maji, na fitina za kisiasa, kwa zamu na mara nyingine kwa pamoja, tangu kizazi cha mababu wa watoto wa leo.

Bonde la Upemba, ambalo wengine huliita Kamalondo, ni nchi ya maji mengi: mto Lualaba hulipitia polepole ukimwagika pande zote, na kuacha maziwa mengi, Upemba na Kisale yakiwa mashuhuri kuliko mengine, na kati yao mabwawa ya mafunjo yasiyo na mwisho wa kuonekana. Watu wamekaa humo tangu zamani sana. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambayo wanachuoni walianza kuyafukua mwaka 1957, yametoa vyungu, shaba na vyombo vya chuma vya watu waliokwisha kuwa wavuvi na wafuachuma kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Waluba wa leo huwahesabu hao kuwa wahenga wao. Ndiyo maana huniuma kusikia ikisemwa kwamba watu wa bonde hili ni watu wa kuhamahama. Aliyezika wafu wake mahali pamoja kwa miaka elfu si mtu wa kuhamahama. Amehamishwa, na asili ya kuhamishwa kwake inaweza kutajwa kwa mwaka na kwa mwezi.

Katika Kiswahili chetu tuna nyumba na tuna maskani, na tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko wanavyodhani watungao fomu. Nyumba ni kuta na paa. Maskani ni mahali roho inapotulia: mahali ambapo mtu hahitaji kuomba ruhusa ya kuwasha moto, ambapo mtoto hujua mpaka wa uwanja wake bila kuonyeshwa, na ambapo mzee akifa hapatakuwa na mashauri marefu juu ya wapi azikwe. Mtu anaweza kuwa na nyumba asiwe na maskani. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni za kuwaongoza walimwengu juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, na mwaka 2009 nchi za Afrika zilikubaliana Kampala juu ya mkataba wa kuwalinda, ulioanza kutumika mwaka 2012. Na katika maandiko hayo mhamishwa ni yule aliyelazimika kuacha nyumba yake au mahali pake pa kukaa kwa desturi, bila kuvuka mpaka wa dola. Tafsiri hiyo ni nzuri kwa kutuambia ni lini mtu ameingia katika hali ya kuhamishwa. Kazi ngumu ni kujua ni lini ametoka, na hapo ndipo daftari nyingi zinapokwama, kwa maana watu wa Malemba-Nkulu huweza kumwita mtu badeplase, neno la Kifaransa lililovikwa mavazi ya Kiswahili cha Katanga, miaka mingi baada ya ofisi kumfuta, na ofisi nayo huweza kuendelea kumwandika mtu ambaye majirani wamekwisha kumsahau kuwa mgeni.

Sasa na tutazame jinsi hesabu inavyofanywa, maana si haki kuilaumu kazi kabla ya kuifahamu.

Sensa ya mwisho ya nchi nzima ya Kongo ilifanywa mwaka 1984, nchi ikiitwa Zaire, nayo ilipata watu kiasi cha milioni 30. Tangu hapo, kila idadi ya watu wa Malemba-Nkulu isomwayo katika taarifa ni makisio juu ya makisio. Na anayesema kwamba fungu fulani la watu wa wilaya wamehama, amegawanya namba moja asiyoijua vyema kwa nyingine asiyoijua kabisa. Kwa hiyo wahesabuji hutegemea watu wanaokaa papo hapo. Wilaya ina kanda za afya, zikiwemo Malemba-Nkulu yenyewe, Mulongo, Mukanga na Lwamba, na kila kanda imegawanywa katika maeneo madogo yenye kituo na muuguzi wake. Muuguzi huyo, pamoja na mkuu wa kijiji, na mchungaji au katekista, na mara nyingine mwakilishi wa hao waliohama, huulizwa ni kaya ngapi zimefika, zimetoka wapi, zilifika mwezi gani na kwa sababu gani. Kisha majibu hulinganishwa, kaya huzidishwa kwa wastani wa watu, aghalabu watano, na jumla hupelekwa Kamina, makao makuu ya jimbo tangu Katanga ya kale ilipogawanywa mwaka 2015, ambako watu wa serikali na wa mashirika ya misaada hukutana na kukubaliana juu ya namba moja.

Nawaheshimu wafanyao kazi hii. Muuguzi wa kijijini, ambaye pengine ndiye mtu pekee wa mahali pale mwenye kalamu na cheo, huifanya juu ya kazi zake nyingine zote, na bila yeye tusingekuwa na hata hayo makisio. Lakini ile namba tano haina budi kusailiwa. Aila ikikimbia haikimbii kama ilivyokaa. Msichana mkubwa hupelekwa kwa shangazi yake Kamina. Mvulana hushika njia ya kambi ya wavuvi ambako mjomba wake ana nyavu. Baba hubaki nyuma akichungulia shamba, au huenda kutafuta kibarua migodini. Na mama huingia Malemba-Nkulu na mtoto wa mgongoni na mmoja wa mkononi. Kaya moja imekuwa vipande vinne, na kila kipande kimeingia katika kaya nyingine. Mhesabuji akimkuta mama humwandika kaya moja, watu watano, ilhali yeye ni watu watatu. Na wale wengine watatu hawaandikwi popote, kwa sababu msichana wa Kamina husemwa kuwa mtoto wa nyumbani, na mvulana wa kambini husemwa kuwa mvuvi. Jumla inaweza hata kutokea kuwa sahihi kwa bahati, lakini haimwambii mtu yeyote ni nani yuko wapi na anahitaji nini.

Kisha iko hofu. Katika zama za Wabelgiji, kuhesabiwa kulikuwa mwanzo wa kutozwa: mhesabuji alipofika, nyuma yake ilikuja kodi ya kichwa, na pamba ya kulimwa kwa amri, na kazi ya barabara, hata watu wa vijiji vingi wakajifunza kuingia mwituni aonekanapo mtu mwenye daftari. Wajukuu wao waliongeza hofu yao wenyewe. Wakati wa vita vya wanamgambo waitwao Mai-Mai, aliyekiri kwamba ametoka kijiji fulani aliweza kudhaniwa na askari kuwa mtu wa Mai-Mai, na akirudi kijijini aliweza kudhaniwa na Mai-Mai kuwa mtu wa askari. Mtu wa namna hiyo akiulizwa ametoka wapi hutaja mahali ambapo hapana hatari, na safu ya asili katika daftari hujaa majina ya vijiji ambavyo havikumhamisha mtu. Upande wa pili wa mizani ni kadi ya msaada. Inapojulikana kwamba kila jina litapata mafuta na unga na turubai, majina huongezeka, na mwenyeji naye hujiandika mgeni. Wengine huuita huo wizi, nami siwezi kuuita hivyo nikikumbuka kwamba mwenyeji huyo amekwisha kuwalisha wageni wake miezi minne kwa chakula cha watoto wake, na hakuna daftari iliyokuwa na safu yake.

Hapa nataka kumchelewesha msomaji kidogo juu ya ujuzi mmoja ambao wavuvi wa Upemba wangeufahamu upesi kuliko wengi wetu, kwa kuwa ulitokana na samaki. Katika miaka ya 1890, mtaalamu wa Denmark aitwaye C. G. J. Petersen alikuwa akichunguza samaki bapa wa pwani za kwao, akaona kwamba ukivua samaki kadhaa, ukawatia alama, ukawarudisha majini, kisha ukavua tena mahali pale pale, fungu la wenye alama katika mtego wa pili linakuonyesha ukubwa wa kundi zima ambalo hukuliona. Ukitia alama samaki 100, na mara ya pili ukavua 80, na katika hao 20 wakawa na alama, basi hao 100 wa kwanza ni robo ya wote, na majini mna kiasi cha samaki 400. Kabla yake, mwaka 1802, Mfaransa Pierre-Simon Laplace alikuwa amekwisha kutumia hoja ya jinsi hiyo kukisia idadi ya watu wa Ufaransa, kwa kulinganisha daftari za waliozaliwa na hesabu za wilaya chache. Na mwaka 2005, mjini New York, watu maalumu waliwekwa miongoni mwa walalao nje ili ijulikane ni wangapi wangefikiwa na wahesabuji. Baadhi yao wakapitwa bila kuhesabiwa, na kwa hao waliopitwa ikafahamika kwamba maskini wa kweli nao walikuwa wakipitwa.

Katika Malemba-Nkulu hapana haja ya kumtia mtu alama, Mungu apishe mbali. Orodha mbili zatosha. Tuseme muuguzi ana daftari lenye majina 300 ya wageni waliotibiwa, na kanisa lina orodha ya majina 200 ya wageni waliosaidiwa nguo, na majina 60 yamo katika zote mbili. Hao 60 ni asilimia 30 ya orodha ya kanisa, kwa hiyo daftari la muuguzi limeshika asilimia 30 ya wageni wote, na wageni wote ni kiasi cha 1,000, ilhali ofisi yenye orodha zote mbili na isiyojua hoja hii ingejumlisha na kusema 440. Watu 560 wangepotea katika tofauti hiyo, nao wasingekuwa wamejificha: wangekuwa wale ambao hawakuugua na hawakuwa waumini wa kanisa lile.

Ujuzi huu una masharti yake. Wataka orodha mbili zisizotegemeana, kwa maana muuguzi akiwa ndiye mzee wa kanisa, majina yatafanana kupita kiasi na jumla itashuka. Wataka watu wasiingie wala kutoka kati ya orodha na orodha, jambo gumu mahali penye mto. Na wataka majina yatambulike, nalo katika nchi ya Waluba ni mtihani wa peke yake, kwani Ilunga ni wengi, na Kasongo ni wengi, na Ngoy ni wengi, na kila aila iliyojaliwa mapacha ina Kyungu wake na Kabange wake. Anayelinganisha orodha hana budi kuuliza jina la mama, na kijiji, na jina la aliyempokea mgeni. Swali hilo la mwisho, ambalo huulizwa ili kutofautisha Ilunga na Ilunga, ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu humleta mwenyeji ndani ya daftari.

Sasa tuje kwenye sababu. Fomu huwa na safu moja ya sababu: vita, mafuriko, ugomvi wa makabila, na kadhalika, na mwandishi hutakiwa kutia alama moja. Nikiitazama historia ya bonde hili naona kwamba safu moja haitoshi hata kwa mtu mmoja.

Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na Waluba wa kaskazini, walioshikamana na chama cha Balubakat chini ya Jason Sendwe, walimkataa. Askari wake walishambulia na kuchoma vijiji vya kaskazini, na vijana wa Balubakat nao walimwaga damu. Mwaka 1961 Waluba wa mjini Elisabethville (Lubumbashi ya leo), wakiogopa kukamatwa, walikimbilia ulinzi wa majeshi ya Umoja wa Mataifa, na kambi yao ikawa ya makumi ya maelfu, hata walipopelekwa mwaka 1962, wengine Kasai na wengine huku kaskazini mwa Katanga. Wengi walikuwa wamezaliwa mjini, wasiyajue mashamba ya wazee wao ila kwa simulizi. Walipofika walihesabiwa kuwa wamerudi kwao, na hapo hesabu yao ikafungwa. Miaka ya 1992 na 1993 mambo yaligeuka: Wakatanga walipochochewa dhidi ya watu wa asili ya Kasai, maelfu kwa maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakakaa katika stesheni za reli wakingoja treni miezi kwa miezi, na wengi walikufa pale wakingoja.

Vita vya 1998 viliitia wilaya ya Malemba-Nkulu karibu na mstari wa mapigano, kwani waasi walishika Manono upande wa kaskazini, na serikali ya Kinshasa iliwapa silaha Mai-Mai ili wamzuie adui. Adui alipoondoka, silaha zilibaki, na mwenye silaha alihitaji kula. Nchi iliyo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto ikapata jina la Pembetatu ya Mauti. Novemba 2005 jeshi lilianza kuwashambulia watu wa kiongozi wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, na katika majuma machache watu zaidi ya laki moja walikuwa wameacha vijiji vyao. Gédéon alijisalimisha Mei 2006, akahukumiwa kifo mwaka 2009, akatoroka gerezani Lubumbashi Septemba 2011, na baada ya kutoroka kwake idadi ya waliohamishwa katika Katanga ilipanda kutoka makumi ya maelfu hadi zaidi ya 300,000 mwaka 2013.

Nirudi katika ule msimu wa 2005 na 2006, kwa sababu humo limo jambo ambalo sijapata kulisahau tangu nilipolisoma katika taarifa za madaktari waliofika huko. Baadhi ya waliokimbia vilima walikwenda kukaa juu ya ziwa Upemba lenyewe, katika visiwa vinavyoelea vya mafunjo yaliyosongamana, ambavyo ardhi yake hutitia chini ya mguu na maji hupenya kwenye mkeka. Wavuvi wamekuwa wakivitumia visiwa hivyo tangu zamani kwa kulala siku chache za mavuo. Lakini sasa palikaa wanawake na wachanga na wazee. Mtu huyo aliyelala juu ya mafunjo, utamtilia alama gani katika safu ya sababu? Vita ndivyo vilivyomtoa kilimani. Lakini alipoteremka aliikuta hifadhi ya wanyama ya Upemba, iliyokatwa tangu mwaka 1939, ikishika sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya vilima na maziwa. Akaukuta ukingo mkavu umekwisha kukaliwa na wenyewe. Na akalikuta ziwa likijaa, kwa maana Lualaba hupanda tangu miezi ya mwisho wa mwaka hata Aprili au Mei. Watu wa mtoni hawakuyaita maji adui: maji yakija walipanda juu, yakishuka waliteremka na kulima udongo mpya ulioachwa. Desturi hiyo ilikuwa maskani yenye miguu miwili, mmoja mlimani na mmoja ukingoni. Bunduki ilipoukata mguu wa mlimani, mafuriko yale yale yaliyokuwa neema ya kila mwaka yakawa sababu ya kukosa makao. Na mwandishi wa fomu akitia alama kwenye mafuriko ataambiwa na wakubwa wake apeleke maturubai, ilhali kilichotakiwa ni amani ya vilima.

Juu ya hayo huja kipindupindu, ambacho katika maziwa haya hakikomi kabisa, kwa kuwa walalao juu ya maji huyanywa na kujisaidia humo humo. Nacho kikimwua baba wa nyumba, mjane huwa karibu na mlango wa kutolewa nje. Iko pia sababu isemwayo kwa sauti ya chini: mtoto yatima au bibi kizee akisingiziwa uchawi katika nyumba iliyojaa njaa, hufukuzwa na wale wale waliompokea. Sheria ya Kongo ya Januari 2009 imeharimisha kumtuhumu mtoto uchawi, lakini sijaona fomu ya waliohama iliyo na safu ya dhuluma hiyo.

Na Novemba 2023, kampeni za uchaguzi zikifunguliwa, kuuawa kwa kijana mmoja mwendesha pikipiki mjini Malemba-Nkulu kuliwasha ugomvi kati ya Waluba wa mahali na watu wa asili ya Kasai. Watu waliuawa, picha za kinyama zikaenea nchi nzima, na wenye asili ya Kasai wakakimbia, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na nyumba zao na biashara zao. Hao hawakuwa na ukoo wa kuwameza. Mji uliosifiwa mwanzoni mwa sura hii kwa kuwapokea wakimbizi wake, ulikuwa na watu ambao milango haikufunguka kwao, na mhesabuji anayetegemea kuuliza wakuu wa vijiji hatawapata, maana anayeulizwa si wa kwao.

Ziko basi sababu zinazomtoa mtu, na ziko sababu zinazomzuia asirudi, na hizi za pili ndizo zinazorefusha hesabu. Kubwa katika hizo ni ardhi. Sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na juu ya ardhi iliyokaliwa kwa mila ikaahidi kwamba amri ya rais itakuja kuipangia haki zake. Amri hiyo haikuja. Mkulima wa Malemba-Nkulu hushika shamba lake kwa neno la mkuu wa ardhi na kwa ushahidi wa majirani. Akae mbali miaka sita, mkuu afe, majirani watawanyike, shamba lipewe mwingine aliyekimbia kutoka kwingine, naye huyo wa pili hana kosa lolote: ni mkimbizi aliyepewa ardhi ya mkimbizi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeufikiri sana msemo huu katika kuandika sura hii, kwa maana wengi huusikia kama onyo kwa mgeni mvivu, nami nausikia kama kipimo. Siku mbili ni za ukarimu. Siku ya tatu hutaka jembe, na jembe hutaka udongo. Mgeni aliyepewa jembe na kipande cha ardhi ambacho hataondolewa msimu ujao ameanza kuwa mwenyeji, hata kama angali amelala kwenye mkeka wa nduguye. Mgeni ambaye miaka minne imepita naye angali akilima kibarua katika mashamba ya wengine kwa debe la mihogo, hana makao, hata kama amejenga kibanda cha matofali mabichi na ofisi imemfuta kwa kuwa ana paa. Kama ningepewa kuitunga fomu, ningeacha kuuliza una nyumba, nikauliza: unalima wapi, nani aliyekupa, na anaweza kukunyang'anya? Na kwa mwenyeji: mnalala wangapi, mlikuwa wangapi mwaka juzi, na mmepunguza mlo upi? Maswali haya huchukua muda, na hayawezi kujibiwa na muuguzi kwa niaba ya kijiji kizima. Lakini kaya mia moja zilizochaguliwa kwa kura na kuulizwa hivyo kwa subira zingetujuza mengi kuliko elfu ishirini zilizozidishwa kwa tano.

Ningeuliza na jambo moja zaidi. Katika vijiji vilivyoachwa kuta za udongo hazidumu: mvua za misimu miwili mitatu huziyeyusha, na nyasi hufunika mahali palipokuwa uwanja. Kinachobaki ni miembe, kwa sababu mwembe ukipandwa mlangoni hudumu kuliko walioupanda. Warudio huitafuta kwanza miembe, wakaihesabu kutoka njiani, huu wa baba mkubwa, huu wa jirani, huu wetu, na kutoka kwenye shina hupima kwa hatua mahali palipokuwa mlango na mahali palipokuwa jiko. Mara nyingine humkuta mtu mwingine ameketi kivulini na watoto wake, jembe limelala kando, naye huinuka kuwaamkia.